Kishika uchumba cha gari: kinarudi lini, na kwa nini wakati mwingine hakirudi chote

Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka Urambo alisimama kwenye lango la yadi yetu ya magari hapa Tabora, akawatangazia wapita njia kwamba tumekula kishika uchumba chake, yaani amana ya kushikia gari, cha shilingi 2,000,000. Hakuwa wa kwanza. Msimu wa malipo ya tumbaku unapokaribia tunapokea amana nyingi, na malipo yanapochelewa wanakuja wale wanaotaka fedha zao zirudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo tumeona tueleze kwa maandishi namna fedha hizo zinavyokaa na zinavyorudi.

Kwa gari ambalo tayari limesimama yadini, lililolipiwa kodi na lenye kadi, tunapokea asilimia 10 ya bei na kuliondoa sokoni kwa siku 14. Mteja akighairi ndani ya siku hizo anarudishiwa fedha zake, pungufu ya makato ya benki tu. Zikipita, tunakata gharama ya kulishikilia kwa kila siku iliyozidi, na kiwango chake kimeandikwa kwenye mkataba. Anayeona makato hayo ni ya uonevu angekuwepo tulipomshikia mteja mmoja gari aina ya Toyota Noah kwa wiki tano, kwa sababu kila Jumatatu alipiga simu akisema fedha ziko njiani. Tuliwarudisha wanunuzi watatu, mmoja wao akiwa na fedha taslimu mkononi, na mwishowe yule tuliyemshikia akanunua bajaji.

Gari la kuagiza Japani ni habari nyingine, kwa kuwa amana yake hailali kwenye droo yetu. Inabadilishwa kuwa dola na kutumwa kwa muuzaji kwa TT, yaani uhamisho wa fedha kupitia benki. Kabla haijatumwa tunairudisha yote. Ikishatumwa, kinachorudi ni kile muuzaji atakachokubali kurudisha baada ya adhabu ya kughairi, makato ya benki za pande zote mbili na tofauti ya bei ya dola. Wengi wanaoghairi katika hatua hii hawajalichukia gari, bali wamestushwa na kodi. Wameiona bei ya Japani kwenye simu wakadhani ndiyo bei ya gari, ilhali kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na kwa gari dogo lililopita miaka 10 tangu litengenezwe, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Tena TRA, Mamlaka ya Mapato, hukadiria kodi kwa thamani iliyo kwenye kikokotoo chake, hata kama wewe umelipata kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana tunamkalisha mteja kwenye benchi na kumkokotolea kila kitu kabla ya kupokea hata shilingi moja, kazi ambayo inaweza kuchukua asubuhi nzima na ambayo imo ndani ya ada yetu inayosemwa kuwa ni kubwa.

Turudi kwa mzee wa Urambo. Tulipomwomba risiti alitoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, "Nimepokea 2m ya gari," na sahihi isiyosomeka. Hapakuwa na tarehe, hapakuwa na namba ya chesesi, wala aina ya gari lenyewe haikutajwa.

"Mzee wetu, fedha hizi hazikuingia kwenye akaunti ya yadi," tulimwambia.

"Mwanangu, nilimtumia kijana wenu kwenye simu. Alisema tukipita kwake nitapunguziwa laki mbili."

Kijana huyo si wetu. Ni dalali anayeleta wateja katika yadi kadhaa za mjini. Hata hivyo tulipopekua vitabu tulikuta kwamba alikuwa ametuletea shilingi 500,000 kushikia gari aina ya Toyota IST kwa jina lake mwenyewe, nasi tulizipokea bila kuuliza ni za nani. Kosa hilo ni letu, na tangu siku hiyo hatupokei amana mkononi mwa dalali. Tulimwita, akasaini kwamba fedha hizo ni za mzee, tukamrudishia mzee zote. Zilizobaki, 1,500,000, anazidai kwa dalali akiwa na ile karatasi isiyo na tarehe, na wakili aliyemwendea amemtajia gharama inayozidi ile laki mbili aliyotaka kuiokoa.

Wapo pia wanaotumia simu ya ndugu ili kukwepa makato. Dada mmoja alilipia amana kupitia kaka yake, na mpango ulipovunjika kila mmoja akaja peke yake kudai fedha ni zake. Sisi tunarudisha kwa jina lililolipa, hata kama aliyelipiwa ndiye tunayemfahamu.

Kosa likiwa la kwetu hatukati chochote. Tulimrudishia mwalimu mmoja wa Sikonge shilingi 4,500,000 zake zote, pamoja na nauli, kwa sababu ukubwa wa injini ya gari lililofika haukulingana na ule ulioandikwa kwenye mkataba. Hatukusubiri atusomee kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, kinachomtaka aliyevunja makubaliano afidie hasara aliyosababisha, lakini ni vyema kila mteja akijue, kwa kuwa kinatubana sisi kama kinavyombana yeye.

Anayetaka amana yake alete barua fupi ya kughairi, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kielektroniki), nakala ya mkataba na kitambulisho. Kwa gari la yadini tunalipa benki ndani ya siku saba. Kwa la kuagiza tunamwonyesha mawasiliano yetu na muuzaji, na kila makato yanakuwa na karatasi yake.

IST ile bado ipo yadini. Mzee alipita Jumamosi akaikagua tena, akauliza kama bei ni ile ile.