Kiigizaji kipya cha rada kipimwe kabla cha zamani hakijazimwa

Mhariri,

Habari za vita vya kielektroniki huwa ni za vifaa vya kujamu rada, yaani kuivuruga kwa mawimbi, na ndege zinazovibeba. Mtambo unaotumika kuvijaribu, yaani kiigizaji kinachorusha mawimbi kama ya rada ya adui, huambulia mstari mmoja tu: kwamba umeboreshwa. Ukiuliza kilichoboreshwa ni nini, unaonyeshwa kompyuta mpya na skrini kubwa. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kazi, na tunaomba nafasi tueleze iliyo ngumu.

Hasara ya kujiandaa kwa tishio la jana ilionekana katika vita vya Oktoba 1973 kati ya Israeli na nchi za Kiarabu. Ndege za Israeli zilikutana na makombora ya SA-6 kutoka Umoja wa Kisovieti, ambayo rada yake ilimulika shabaha kwa mawimbi ya mfululizo badala ya mapigo, yaani milipuko mifupi ya mawimbi. Vipokezi vya tahadhari vilivyokuwa ndani ya ndege viliandaliwa kwa makombora yaliyotangulia, vikashindwa kutoa onyo la kutegemewa.

Kasoro ya kwanza ya mitambo mingi ni kutumia chaneli moja, yaani njia moja ya kurushia mawimbi, kuigiza rada nyingi kwa zamu. Hesabu yake ni fupi. Rada 100, kila moja ikitoa mapigo 1,000 kwa sekunde na kila pigo likidumu maikrosekunde 1, zinajaza asilimia 10 ya muda wa chaneli. Si nyingi, utasema. Lakini mapigo hayapangi foleni. Yakija kiholela, zaidi ya moja kati ya sita hugongana na jingine, na katika kila mgongano moja lazima litupwe. Chaneli ikihitaji maikrosekunde 1 nyingine kuhama kutoka masafa haya (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) kwenda yale, yanayogongana yanakaribia theluthi. Sasa ongeza rada moja tu ya ndege ya kivita yenye mapigo 200,000 kwa sekunde, ya upana ule ule: hiyo peke yake inakula asilimia 20 ya muda. Rada ya mawimbi ya mfululizo inaimeza chaneli yote.

Kwa hiyo rada za mapigo mengi na zile za mfululizo zipewe jenereta zao za mawimbi, na kila jenereta iandike kumbukumbu ya kila pigo lililotupwa: saa, masafa, na ni la rada ipi. Kumbukumbu hiyo ikikosekana, kipokezi kikishindwa kuitambua rada fulani hakuna ajuaye kama kosa ni lake au mapigo hayakurushwa kabisa, na watu watakesha wakirekebisha programu isiyo na ubovu.

Kasoro ya pili haionekani kwa macho. Vipokezi vinavyotafuta mwelekeo hulinganisha fezi ya wimbi, yaani limefika hatua gani ya mtetemo wake, kati ya antena na antena, hivyo maabara huviingizia mawimbi kwa kebo zilizolinganishwa urefu. Kwa gigahezi 10, ndani ya kebo ambayo mawimbi husafiri kwa asilimia 70 ya kasi ya mwanga, urefu wa wimbi ni milimita 21. Kebo moja ikizidi mwenzake kwa milimita 1, fezi inapotea digrii 17, na kwa antena zilizoachana nusu ya urefu wa wimbi hewani, mwelekeo unakosewa kwa zaidi ya digrii 5. Kiungio kilicholegea kinatosha kuleta balaa hilo. Viungio vya SMA (aina ndogo ya viungio vya skrubu vya kebo) vya chuma cha pua vikazwe kwa spana yenye kipimo, karibu niutoni-mita 1, si kwa vidole. Kebo zenye plastiki ya Teflon nazo zina kisirani chao: joto likipita kwenye nyuzi 19 za Selsiasi, mpangilio wa ndani wa plastiki hiyo hubadilika na fezi huhama ghafla. Chumba kikikaa kati ya nyuzi 18 na 20, ugezi (usahihishaji wa vipimo) uliofanywa asubuhi haufai jioni. Kiwekwe nyuzi 23 na kibaki hapo.

Nguvu za urushaji ndizo zinazowavutia wanunuzi kuliko zote, na kwetu ndizo zenye uzito mdogo. Kwenye uwanja wa majaribio, kiigizaji kikiwekwa kwenye robo ya umbali halisi kinahitaji sehemu moja tu kati ya 16 ya nguvu. Kikwazo chake ni pembe: ndege ipitayo mbele yake huhama kipembe mara nne haraka zaidi kuliko ingekuwa vitani.

Jambo linalotusukuma kuandika ni hili. Mitambo ya zamani hutumia valvu za mawimbi, yaani mirija isiyo na hewa ya kukuza mawimbi, ambazo zikikaa bila umeme kwa miezi hujaa gesi, na zinapaswa kupashwa moto kwanza kabla ya kupewa volti kubwa. Kuzibadilisha kwa transista za galiamu nitraidi ni uamuzi mzuri. Ila pigo la transista ni safi mno. Pigo la rada halisi yenye valvu huteleza kidogo katika masafa, hutetemeka juu, na hupanda kwa namna yake. Vipokezi vya kisasa hutumia dosari hizo kutofautisha rada moja na nyingine ya aina ile ile. Ukizifuta, umejaribu kipokezi kwa rada isiyokuwepo duniani.

Basi mtambo wa zamani usizimwe kabla haujarekodiwa. Mpando wa pigo (muda linaochukua kufika kileleni) wa nanosekunde 10 unahitaji kinasa chenye upana wa bendi usiopungua megahezi 35, na busara ni kuchukua mara tatu ya hapo. Rekodi kila hali ya kila rada, kuanzia kutafuta hadi kufuata na kumulika, kisha mpya uwekwe kando ya wa zamani na mapigo yapangwe moja juu ya jingine.

Kiigizaji kipimwe pia kinavyojibu. Viigizaji vingi hurusha tu, havisikilizi. Kifaa cha kujamu kikiwaka mbele yake, unachothibitisha ni kwamba kimewaka. Kiigizaji kamili kina kipokezi na mzunguko wa kufuatilia shabaha, ili shabaha ya uongo ikivuta dirisha la umbali (kipande cha umbali ambacho rada inakitazama tu), kiipoteze ndege ya kweli kama rada ya adui ingeipoteza. Na kifaa kikichelewesha jibu kwa maikrosekunde 1, shabaha hiyo ionekane mita 150 nyuma, si zaidi wala pungufu.

Masharti haya yote yaandikwe na watakaoutumia mtambo, kabla zabuni haijatangazwa, na ugezi wa kuupokea ufanywe kwa vyombo ambavyo muuzaji hakuvileta yeye.

Wahandisi wa majaribio ya rada