Jicho jekundu lisilokohoa

Bwana Mhariri,

Mama mdogo wangu anauza vitenge soko la Kadutu, hapa Bukavu. Mwaka jana jicho lake la kushoto lilianza kuwa jekundu, likawa haliwezi mwanga wa jua, na kila alipotazama aliona kama inzi wadogo wanapita. Duka la dawa likamuuzia matone ya kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Jicho likatulia, kisha likarudi vibaya zaidi. Akanunua tena. Miezi mitano ikapita hivyo.

Hakukohoa hata siku moja, ndiyo sababu hakuna aliyewaza kifua kikuu, hata sisi wa nyumbani. Kumbe vijidudu vya TB husafiri katika damu, na sehemu ya ndani ya jicho ina mishipa mingi ya damu. Mtu anaweza kuumwa huko makohozi yake yakiwa safi na picha ya kifua haina kitu. Hata maji yakitolewa ndani ya jicho, vijidudu mara nyingi ni vichache mno kuonekana. Daktari wa macho aliyempanua mboni alikuta madoa nyuma ya jicho. Akapima kaswende, akaagiza kipimo cha ngozi cha TB na picha ya kifua, ndipo akaamua kuwa ni TB ya jicho. Kotizoni ina kazi yake, lakini ikitangulia peke yake hutuliza uvimbe na kuwaachia vijidudu nafasi.

Akaanzishiwa dawa nne za TB kwa miezi miwili, kisha mbili kati ya hizo, rifampisini na izoniazidi. Mojawapo ya zile nne, etambutoli, nayo huweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na nyekundu na kijani huanza kuchanganyika. Mama mdogo alikuwa akijipima kila asubuhi kwa vitenge vyake, akifumba jicho moja kisha jingine.

Bwana Mhariri, naomba jambo hili liandikwe. Wauza dawa wasitoe kotizoni ya macho bila cheti cha daktari. Daktari anayeona uvimbe wa ndani ya jicho usioisha aulize kama nyumbani kuna aliyewahi kuugua TB. Sisi tungejibu ndiyo, babu aliugua. Na vituo vinavyogawa dawa za TB vipime uoni na rangi kabla ya kidonge cha kwanza.

Jicho lile halikurudi lote. Bei za vitenge sasa anasomewa na binti yake.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu