Mlalamishi Amesamehe, Mbona Kesi ya Wizi wa Mabavu Bado Ipo?

"Wakili, tumeshaelewana na mlalamishi. Tumemlipa simu yake na kitu juu yake. Sasa hii ada unayotudai ni ya kazi gani?"

Swali hili linaingia ofisini kila mara, na mara nyingi anayeuliza ni mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama. Anahisi ametapeliwa. Mlalamishi alipokea pesa, akaandika barua ya msamaha mbele ya chifu, kisha siku ya kesi kutajwa kiongozi wa mashtaka akasimama akaomba tarehe ya kusikizwa kana kwamba barua haikuandikwa. Uchungu huo tunauelewa. Ila pesa hizo zilienda mahali ambapo hazingeweza kusaidia, na afadhali watu waelezwe hivyo kabla ya kuzitoa.

Jina la kesi ni Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Aliyeporwa ni shahidi, hata akiwa shahidi wa kwanza. Mwenye mamlaka ya kusimamisha mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na tangu Katiba ya Kenya ya 2010 hata yeye hawezi kuyasimamisha bila ruhusa ya mahakama. Soma kifungu cha 157. Upatanisho ambao sheria inauhimiza ni wa makosa madogo ya kibinafsi, kama kofi walilopigana majirani. Wizi wa mabavu hauko humo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Adhabu inahesabu kuwa ni kosa mtu kupokea malipo ili kesi nzito ya jinai izimwe, kwa hiyo mlalamishi aliyepokea bahasha naye amejiweka pabaya. Akiitwa na korti asipokuja, hakimu hutoa samansi, halafu hati ya kumkamata. Akija akageuza maneno, kiongozi wa mashtaka anamtolea taarifa aliyoandikisha polisi na kumwuliza ni lipi la kweli. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anaweza kurudishwa rumande kwa kuingilia mashahidi. Hiyo ndiyo hasara ya pili, baada ya ile ya ng'ombe.

Hata ukiambiwa kesi imeondolewa, uliza imeondolewa chini ya kifungu kipi. Watu wakisikia "87(a)" wanapiga vigelegele. Kifungu hicho cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, mashtaka yakiondolewa kabla ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, kinamwachilia bila kumfutia chochote: anaweza kukamatwa tena kwa mambo yale yale, wakati mwingine hapo hapo mlangoni mwa korti. Kuachiliwa huru kabisa ni jambo jingine, na karatasi yake ni nyingine.

Neno "au" katika kifungu cha 296(2)

Wengi wanaamini wizi wa mabavu lazima uwe na bunduki. Sivyo. Kifungu cha 295 cha Sheria ya Adhabu kinasema ni wizi unaoandamana na nguvu au tishio la nguvu, kabla tu ya kuiba, wakati wa kuiba au mara baada ya kuiba. Ukiwa hivyo tu, adhabu chini ya 296(1) ni kifungo kisichozidi miaka 14. Unapanda kuwa 296(2), ambao adhabu yake kisheria ni kifo, likitimia mojawapo ya mambo matatu: mwizi alikuwa na silaha au chombo cha hatari, au alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi, au alimpiga ama kumjeruhi mtu. Neno zito ni "au". Mahakama ya Rufaa imesema mara nyingi kwamba moja linatosha. Vijana wawili mikono mitupu wanaomsukuma mtu ukutani na kumtisha ili aachie simu wameshafika 296(2), bila hata mkwaruzo mmoja. Jaribio nalo lina mlango kama huo, 297(2), na adhabu ni ile ile.

Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na ndiyo sababu familia hudhani hukumu hiyo ni maneno ya karatasini. Vifungo vya maisha vinavyotokana nayo si vya karatasini. Wengine husikia kesi ya Muruatetu ya 2017 imefuta hukumu ya lazima ya kifo, wakatulia. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake.

Kwa hiyo swali la kwanza tunalouliza tukipata faili ni kama kulikuwa na nguvu au tishio lolote. Simu ikichomolewa kupitia dirisha la matatu na aliyeichomoa akakimbia bila kumgusa mtu, huo ni wizi wa kumwibia mtu mwilini, kifungu cha 279, miaka isiyozidi 14. Aliyepatikana nayo baadaye bila kuwepo pale anaweza kuwa na kosa la kupokea mali ya wizi, 322, nalo miaka 14. Hakimu ana uwezo wa kumtia mtu hatiani kwa kosa dogo lililothibitishwa badala ya kubwa lililoshindikana. Kati ya kifo na miaka kadhaa, umbali wake ni maswali kumi aliyoulizwa shahidi wa kwanza, au ambayo hakuulizwa.

"Nilimwona vizuri kwa msaada wa stima"

Sentensi hiyo imo katika taarifa nyingi za mashahidi wa usiku, na mara nyingi ndiyo yote iliyomo. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Stima ipi? Mlingoti wa mulika mwizi ulio mbali mtaa wa pili, au balbu ya kibanda cha mama mboga? Ilikuwa nyuma ya mshambuliaji au mbele yake? Taa ikiwa nyuma yake, uso ni giza. Alikaa naye kwa muda gani: dakika tano, au muda wa kunyang'anywa mkoba? Alikuwa ameangalia uso, au kisu? Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Maitanyi, 1986, ilisema lazima korti ichunguze aina ya mwanga, ukali wake na ulipokuwa ukilinganishwa na mshukiwa. Wakili asiyeuliza anawaachia rufani kazi ambayo haina tena shahidi wa kuulizwa.

Kabla ya maswali hayo tunatafuta OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Ripoti ya kwanza kituoni ina uzito, kwa sababu iliandikwa kabla ya mtu yeyote kukamatwa. Tuseme OB inasema "watu wawili wasiojulikana", halafu kortini mlalamishi anasema alimjua mmoja wao tangu zamani, ni yule wa steji. Mtu unayemjua humtaji siku ile ile? Kumtambua unayemjua huaminiwa kuliko kumtambua mgeni, lakini jina au lakabu lazima liwe lilitolewa mapema.

Kama ni mgeni, inapaswa kuwe na gwaride la utambuzi, na gwaride lina masharti. Mshukiwa mmoja hupangwa na watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali ya maisha. Anachagua mwenyewe mahali pa kusimama, na anaweza kubadilisha kabla shahidi mwingine hajaingia. Afisa anayechunguza kesi haendeshi gwaride. Mshukiwa ana haki ya kuwa na wakili au rafiki pale. Mwishoni anaulizwa kama ameridhika, na jibu lake linaandikwa kwenye fomu. Hapo watu hujimaliza: wanasema "ndiyo" na kutia sahihi huku mlalamishi alishawaona asubuhi uani wakiwa na pingu, au picha yao ilishazunguka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sema hapo hapo, na hakikisha imeandikwa. Ukilisema mwaka mmoja baadaye kizimbani, linaonekana limetungwa.

Simu iliyokutwa mfukoni

Kesi nyingi hazina hata utambuzi; zina simu tu. Korti inaruhusiwa kudhani kwamba aliyepatikana na mali iliyoibwa karibuni ndiye aliyeiba, lakini mambo manne yathibitishwe kwanza: mali ilipatikana kwake, ni ya mlalamishi bila shaka, iliibwa kutoka kwa mlalamishi, na iliibwa karibuni. "Karibuni" ya simu si ya ng'ombe wala ya jenereta, kwa maana simu hupita mikono mitatu kwa siku moja. "Ni ya mlalamishi" haithibitishwi kwa kusema ni nyeusi na ina mkwaruzo; ni namba ya IMEI, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, ilingane na boksi au risiti.

Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hakuiba. Anatakiwa kutoa maelezo yanayoweza kuwa ya kweli. Kinachoharibu ni kuwa na maelezo mawili. Kituoni, kwa hofu: "Niliokota." Kortini: "Nilinunua." Afadhali kunyamaza, na Katiba inakupa haki hiyo kuanzia unapokamatwa, kifungu cha 49. Kukiri kosa mbele ya afisa anayechunguza kesi hakukubaliwi: lazima iwe mbele ya jaji, hakimu au afisa mwingine asiye chini ya cheo cha Inspekta, na mtu uliyemchagua awepo.

Kama ulikuwa kwingine, sema mapema na leta vithibitisho vikiwa bado vipo. Kamera za dukani hujifuta zenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo tunaandika barua wiki ile ile. Muamala wa M-Pesa unaonyesha dakika, na mwenye laini anaweza kuomba taarifa yake kupitia *334#. Hauthibitishi ulikuwa wapi peke yake, lakini ukiwekwa pamoja na mwenye duka aliyelipwa, una nguvu. Kila chapisho la kompyuta au video liambatane na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kuna familia huja na kanda nzuri kabisa, nayo inakataliwa kwa kukosa ukurasa huo mmoja.

Kuhusu dhamana hatutasema mengi: kosa hili lina dhamana Kenya, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kuinyima. Hakimu kwa kawaida huomba ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye atapiga simu nyumbani na kwa chifu. Mdhamini aje na kitambulisho, picha za pasipoti, na hati ya shamba au logbook ya gari iliyofanyiwa upekuzi. Hati ya marehemu babu ambayo haijabadilishwa jina inakataliwa kila siku.

Ada, na kuchelewa

Tunaambiwa sisi ni ghali. Kiwango cha chini kinawekwa na Amri ya Malipo ya Mawakili, na wakili anayeshuka chini yake anavunja sheria. Makubaliano ya "nitakulipa akitoka" sheria haiyatambui. Ada yetu inagawanywa: kituo cha polisi na dhamana, kusoma taarifa zote na kujiandaa, kila kikao cha mashahidi, na maandishi ya mwisho. Rufaa ni kazi nyingine, nayo ina siku 14 tu tangu hukumu.

Kinachogharimu zaidi ni kuja wakati mashahidi wanne wameshamaliza na hakimu amesema kuna kesi ya kujibu. Hapo lazima tulipie nakala ya mwenendo wa kesi, tuombe shahidi aitwe tena chini ya kifungu cha 150 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, na korti inaweza kukataa. Daktari aliyejaza P3, fomu ya polisi ya majeraha, ameshahamishwa kaunti nyingine. Maswali ya stima hayana tena wa kuyajibu.

Na usikubali kosa kwa kuambiwa na broka wa korido kwamba "ukikubali unapewa probesheni". Chini ya 296(2) adhabu iliyoandikwa ni moja. Kama kuna la kukubali, tunaliandika na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, shtaka lipunguzwe kwanza, mkataba utiwe sahihi, hakimu ausome. Asiyeweza kulipa wakili aseme siku ya kwanza kortini na aombe wakili kwa gharama ya serikali. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa nafasi hiyo ikiwa bila wakili haki itaumia sana.

Ukija, beba namba ya OB, nakala ya hati ya mashtaka na taarifa za mashahidi ambazo upande wa mashtaka unapaswa kukupa kabla ya kusikizwa. Barua ya msamaha nayo ilete, ile ya asili. Shtaka likishapunguzwa inaweza kutusaidia tunapoomba adhabu nafuu. Usiirudishe kwa mlalamishi arekebishe, na usimpigie simu tena.