Kiti cha Zuhura

Kwako Somo,

Salamu nyingi kabla ya yote. Sisi huku wazima, wasiwasi ni juu yako maana kimya chako kimezidi. Ila leo sikugombezi, nina shida na wewe. Watoto wanakusalimu. Yule mkubwa siku hizi anabishana kama wakili, na wote tunajua kajifunza kwa nani.

Ama baada ya salamu: Zuhura amerudi. Najua umeshasikia, kwa hiyo sijifanyi nakuletea habari. Labda usilolisikia ni kwamba ameomba kuingia kwenye kikundi chetu cha kusoma, na kikundi kimesema "tusubiri kwanza". Tusubiri nini, hakuna aliyesema. Katibu aliandika kwenye daftari, kwa ule mwandiko wake wa kistaarabu, "suala limeahirishwa", tukapita.

Kinachonikosesha usingizi ni kitabu tulichokuwa tunakimalizia siku hiyo hiyo. Ilikuwa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Unamkumbuka Yasmin: kaozwa angali binti mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa rika la kumzaa, kashindwa, kakimbia, na jamaa zake wakamfungia mlango kwa kuogopa aibu. Somo, watu walifuta machozi! Mzee wa Nukta, yule yule anayesema riwaya ni za wasio na kazi, alisema wale ndugu hawana utu. Haukupita muda jina la Zuhura likatajwa, na wa kwanza kufungua mdomo akawa yeye: "Yule mwanamke ana mambo."

Ana mambo. Na nani asiye na mambo?

Sikunyamaza, unanijua. Nikawaambia, haya, hebu nimsimulie Yasmin kama jirani yake angemsimulia. Kuna msichana kamwacha mume wa ndoa aliyemvisha na kumlisha. Kaenda kukaa kwa Mwajuma, mwanamke anayependa starehe na asiyejali watu wanasema nini. Kisha kajifunga na kijana asiye wa jamii yake, tena anayeandamwa na polisi. Nikawauliza, nimesema uongo wapi? Hakuna neno nililolitunga, yote yamo kitabuni. Kimya. Mwisho Katibu akasema, "Lakini Yasmin alikuwa na sababu." Nikamwambia, na sababu za Zuhura nani kazitafuta?

Hapo ndipo nilipo tangu siku ile. Zamani nilidhani umbea unaumiza kwa sababu ni uongo. Sasa naona umbea wa kweli tupu ndio mbaya zaidi, kwa sababu huwezi kuukanusha. Mwandishi wa riwaya anakuingiza chumbani kwa mtu, unaona hofu yake kabla hujaona alichokifanya. Mmbea anakupa alichokifanya tu, halafu hofu unaijaza wewe mwenyewe, na kwa kawaida huijazi kabisa. Waliosoma Yasmin na wanaomsema Zuhura ni watu wale wale, na hawana roho mbaya. Mzee wa Nukta ndiye aliyetuchangia viti, tusimsahau.

Na usidhani vitabu vyenyewe vina mikono safi. Mwaka 1975 Chinua Achebe alisimama chuo kikuu kimoja Marekani akamshika Joseph Conrad kwa riwaya yake ile ya mto Kongo, Heart of Darkness. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba Waafrika mle wamejaa, lakini wanaoruhusiwa kutamka neno wanahesabika. Wanapiga kelele, wanasogea, wanakufa, kusema hawasemi. Nilipoisoma nikafikiria kile kikao chetu. Tulikuwa tunazungumzia mtu anayeweza kuzungumza mwenyewe, ana simu, ana mdomo, na hakuna aliyemuuliza lolote.

Halafu kuna hili la neno la kwanza. Nakumbuka uliwahi kunicheka kwa kupenda vitabu vya saikolojia, basi cheka tena. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu asiyekuwepo: ana akili, ana bidii, ana pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye kijicho. Wengine akawasomea sifa hizo hizo kwa kuanzia mwisho. Wa kwanza wakamwona mtu hodari mwenye dosari zake. Wa pili wakamwona mtu mwenye matatizo ambaye uwezo wake umezibwa. Sifa zilikuwa zile zile, Somo! Sasa jiulize kikundi chetu kiliambiwa nini kwanza kuhusu Zuhura: kwamba alikuwa mwalimu mzuri kuliko sote, au kwamba ndoa zake hazidumu?

Jane Austen naye alilijua hilo kabla ya Asch na orodha zake, katika Pride and Prejudice, ile riwaya ya 1813 uliyoniazima ukasahau kuidai (na sirudishi). Elizabeth ana akili kuliko wote nyumbani kwao, lakini Wickham anamwahi kwa sura nzuri na hadithi iliyonyooka, na yeye anameza yote kwa kuwa tayari Darcy alikuwa amemuudhi dansini. Kilichomfungua macho ni barua ya Darcy. Ndefu, lakini usiogope, hii yangu haitafika huko.

Turudi kwa Zuhura. Katibu alinifuata baadaye akaja na kile anachokiita suluhisho: Zuhura aje siku moja "ajieleze", watu waridhike, apewe kiti. Alidhani nitafurahi. Kwa muda kidogo nilifurahi kweli, kisha likanikaa vibaya. Ajieleze nini? Kwamba alipigwa? Kwamba aliachwa? Je, ikiwa hakupigwa wala hakuachwa, aliondoka tu kwa sababu alichoka, atakosa kiti? Yasmin hakuja kutupigia magoti, Shafi alimbebea mzigo huo. Zuhura hana mwandishi. Kumtaka aanike vidonda vyake mbele ya Mzee wa Nukta ili asome riwaya na sisi ni kufanya kikao cha vitabu kiwe baraza la usuluhishi. Hata kama makosa ni yake yote, sisi tunasoma tu, hatumpi mtu hati ya tabia njema.

Nilimwambia Katibu hivyo. Akanijibu kwa methali, silaha ya mtu aliyeishiwa: "Lisemwalo lipo." Na kama halipo laja, si ndiyo? Yaani methali hii haishindwi kesi. Ukikutwa huna hatia leo, inakusubiri kesho. Wazee wetu walituachia mengi mazuri, lakini hii waliitunga siku waliyoamka vibaya.

Nimesema sana. Shida yangu ni hii: wewe ndiwe uliyeanzisha kikundi, na hata ukiwa mbali neno lako bado linawatia adabu. Nataka umwandikie Katibu mistari miwili mitatu, useme Zuhura aingie kama tulivyoingia sote, bila kuhojiwa. Usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekuomba. Atajua, lakini usimwambie.

Na kuna jambo jingine, nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Ile habari ya mume wake wa kwanza na zile fedha. Kila niliyemuuliza kaipata wapi ananitajia mwenzake, na mwenzake ananitajia wewe. Uliipata kwa nani, Somo? Uliona kwa macho, au nawe ulipewa? Zuhura mwenyewe aliwahi kukusimulia? Na kama ni kweli, ulikuwa unamwambia nani, na alikuwa na haja gani ya kujua? Sikuulizi kwa ubaya. Ila akija kuniuliza maneno haya yalianzia wapi, nimjibu nini? Bado una namba yake? Mliachana vizuri? Utampigia, au nimwambie mimi kwamba umemsalimu?

Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Safari hii usinijibu kwa kimya.

Ni mimi,
Somo wako