Chukotka ina wenyewe, kama Ruvuma ilivyo na wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala fupi mliyoitoa kuhusu Chukotka, ile ncha ya Urusi inayotazamana na Marekani. Mwandishi ameieleza kana kwamba ni barafu tupu isiyo na mwenyewe, mahali pa kuweka rada na kungojea vita. Nimefundisha Jiografia sekondari hapa Newala mpaka nikastaafu, na kila nilipofika mada ya mstari wa tarehe wa kimataifa, unaopita karibu na hapo, nilikaa na wanafunzi kwenye ncha hiyo kuliko muhtasari ulivyotaka. Makala ile imeniuma. Kule kuna watu, na yaliyowapata yanatuhusu sana sisi wa kando ya Ruvuma.

Ni kweli ni wachache. Chukotka ina kilomita za mraba zaidi ya 720,000, karibu robo tatu ya Tanzania yote, na wakazi wake hawafiki 50,000. Mtwara Mjini peke yake inawazidi zaidi ya mara mbili. Hakuna barabara ya kudumu inayowaunganisha na Urusi nyingine. Hata Anadyr, mji mkuu wao, ukishuka kwenye ndege bado hujafika: uwanja uko ng'ambo ya maji. Kiangazi unavuka kwa boti, wakati wa baridi kali unapita na gari juu ya barafu, na katikati hapo, barafu inapoanza kuganda au kuyeyuka, unategemea helikopta. Saa yao iko mbele ya yetu kwa saa tisa. Sisi tukiwa saa tatu usiku, wao wameshaamka, ni saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake.

Wachukchi, wenye nchi hiyo, ni kama 16,000. Wa bara wanafuga wanyama wa jamii ya kulungu wanaostahimili baridi, wanahama nao na kulala katika mahema makubwa ya ngozi yaitwayo yaranga. Wa pwani wanawinda sili, nyangumi na walrasi, yule mnyama wa baharini mwenye meno mawili marefu kama pembe za tembo. Tangu zamani wa bara walipeleka pwani nyama na ngozi za mavazi, wakarudi na mafuta ya sili na kamba za ngozi ya walrasi. Pamoja nao wako Wayupik, ambao kwa upande wa Urusi hawafiki 2,000. Hao ni watu wa bahari kabisa. Mashua yao ni mbao zilizofungwa kwa kamba na kuvishwa ngozi ya walrasi.

Marehemu baba yangu alikuwa mchonga vinyago, kwa hiyo kuna kitu cha kule ambacho siwezi kukipita. Katika kijiji cha Uelen, mashariki kabisa mwa Urusi, kuna karakana ya uchongaji iliyoanzishwa 1931. Wanachukua jino zima la walrasi, wanalisugua mpaka ling'ae, kisha wanalichora kwa ncha kali mistari myembamba na kuipaka rangi ndani. Upande mmoja wa jino mashua inaondoka, katikati wanamzunguka nyangumi, mwishoni kijiji kizima kiko ufukweni kinagawana nyama. Mabingwa wa kazi hiyo ni pamoja na wanawake, mmojawapo Vera Emkul. Kila nikitazama picha za kazi zile namkumbuka baba na gogo lake la mpingo, watu wamepandana mabegani tangu babu mpaka kitukuu. Watu wenye kazi kama hiyo huwezi kuandika kwamba hawapo.

Vitabu vingi vinaanza habari za Chukotka na wageni. Vinamtaja Semyon Dezhnev, Mkosaki, yaani askari wa mipakani wa Urusi, aliyepita kwenye mlango wa bahari kati ya Asia na Amerika mwaka 1648, na taarifa yake ikalala Yakutsk, mji wa Siberia, mpaka mwanahistoria Gerhard Friedrich Müller alipoikuta 1736. Vinamtaja Vitus Bering, Mdenmaki aliyetumwa na Warusi, akapita hapohapo 1728 na kwa ukungu asiione Amerika, na bado mlango ukapewa jina lake. Wayupik na Wachukchi walikuwa wakivuka maji hayo kwa mashua za ngozi, kufanya biashara, kuoa na hata kupigana, kabla ya wote hao.

Wala hawakutwaliwa kirahisi. Urusi ilitaka kodi ya ngozi za manyoya, Wachukchi wakakataa. Mwaka 1747 walimuua Meja Dmitry Pavlutsky, aliyekuwa akiwaandama kwa miaka, na mwaka 1771 Warusi wakaiacha ngome yao ya Anadyrsk, maana gharama zake zilizidi faida. Kwetu nako, Wareno hawakuishika nyanda ya juu ya Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, sawasawa mpaka wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kisha ukaja mstari. Mwaka 1867 Urusi iliiuzia Marekani Alaska kwa dola milioni 7.2, na mkataba ukasema mpaka upite katikati ya visiwa viwili vya mlango huo wa bahari, Diomede Kubwa na Diomede Ndogo, ambavyo havifiki kilomita 4 kutoka kimoja hadi kingine. Waliokaa humo hawakuulizwa. Na sisi hatukuulizwa mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipogawana kwa Mto Ruvuma, wala 1894 Wajerumani walipoichukua Kionga kusini ya mto, wala 1919 ilipothibitishwa kuwa ya Wareno baada ya wao kuirudisha kwa vita 1916.

Kwa muda mrefu mstari ule wa Bering ulibaki wa karatasi. Ndugu walitembeleana. Uhasama wa Urusi na Marekani ulipochacha, mwaka 1948 njia ikafungwa, na wenyeji wa Diomede Kubwa wakahamishiwa bara. Kisiwani wakabaki walinzi wa mpaka. Mwaka 1958 kikafungwa kijiji cha Naukan, kilichokuwa juu ya rasi inayoitazama Amerika, watu wakatawanywa katika vijiji vya wengine. Wakazi wa Ungazik nao walipelekwa Novoye Chaplino, ndani ya ghuba, mbali na maji waliyozoea kuwinda. Waliambiwa wanasogezwa karibu na huduma. Sisi tuliopitia Operesheni Vijiji hapa Kusini, tukaacha mikorosho na makaburi, tunaijua kauli hiyo.

Kinachonigusa zaidi ni hiki. Wayupik wengi wa Chukotka na wale wa kisiwa cha St. Lawrence, ambacho ni cha Marekani, ni watu wa lugha moja na koo moja. Kwa miaka 40 hivi hapakuwa na kuozeshana wala kuzikana. Mtu alikufa, na mdogo wake wa ng'ambo hakupata habari.

Agosti 1987 mwanamke Mmarekani, Lynne Cox, aliogelea kutoka Diomede Ndogo hadi Diomede Kubwa katika maji ya baridi ya kuua, akatumia zaidi ya saa mbili, na Warusi wakampokea ufukweni. Desemba ile, Mikhail Gorbachev alipokuwa Washington kutia saini mkataba wa makombora, alimtaja kwa sifa. Juni 1988 ndege ikatoka Nome, Alaska, hadi Provideniya, Chukotka, ikiwa na wenyeji waliokwenda kuwaona ndugu zao. Na mwaka 1989 serikali mbili zikasaini makubaliano kwamba wenyeji wa pande zote za Bering waweze kutembeleana bila viza, kwa mwaliko wa ndugu. Mhariri, hayo yalikuwa mataifa yaliyoelekezeana makombora ya nyuklia! Hata hivyo yaliona kwamba anayekwenda kumwona dada yake si mtalii, na ana haki ya kuandikiwa utaratibu wake.

Sasa nirudi hapa. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, na mpwa asipoonekana msibani ni aibu ya ukoo. Mjomba wangu alifia upande wa Nangade, Msumbiji. Tuliteremka kutoka Newala hadi mtoni na unga wetu na sanda. Ilikuwa kiangazi, maji yako chini, mchanga umetokeza katikati ya mto, na kule ng'ambo tunawaona watoto wa marehemu wamesimama wanatungoja. Ofisa wa zamu akatutaka hati inayotolewa mjini. Tukarudi kuitafuta. Tulipovuka, tulioneshwa kaburi lililokwisha kukauka, na wapwa wenzangu wa ng'ambo hawakunisalimia kwa furaha. Simlaumu kijana yule, alitekeleza alichoagizwa. Najua pia Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji tunalopakana nalo, imo katika vita tangu Oktoba 2017, na askari wetu wana sababu ya kuwa wakali. Lakini mwenye nia mbaya havukii mbele ya ofisa mchana akiwa na sanda mkononi.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza kwa gazeti lako: mnapoandika habari za nchi za mipakani, ziwe za Urusi au za kwetu, anzeni na wenyeji, rada zije baadaye. Tena tumeni mwandishi Kilambo, Mtambaswala na vivuko vidogo vya mitumbwi chini ya Newala na Tandahimba, akawasikilize kina mama wanaouza ng'ambo na wazee wenye dada zao kule.

La pili ni kwa wakubwa wa nchi hizi mbili. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma limefunguliwa tangu 2010 na malori yanapita. Kaeni mtuandikie utaratibu wa ndugu: karatasi moja, itolewe na ofisi ya kata kwa ushahidi wa mwenyekiti wa kijiji, itambuliwe na pande zote mbili, iwe kwa msiba, harusi, jando na unyago, na ipatikane siku hiyohiyo, kwa sababu maiti haingoji.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Newala, Mtwara.