Tofali za kufungamana tumejifunza, tatizo ni makadirio

Mhariri,

Kila kukicha tunahimizwa redioni tujifunze ujenzi unaotunza mazingira, eti ndiko ajira zinakoelekea. Mimi ni fundi mwashi hapa Iringa. Nilikwenda kujifunza, na naomba nafasi nieleze nilichokikuta niliporudi.

Mafunzo yalikuwa ya tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo zinazoshikana zenyewe, hizi ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) wamezipigia debe miaka mingi. Sijutii. Zamani nilichagua udongo kwa macho. Kule tuliushindilia kwenye kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, tukauacha ukauke, tukapima umesinyaa kiasi gani. Hapo ndipo unajua saruji iingie kiasi gani, na inaingia kidogo kweli. Tofali zikitoka kwenye mashine ya mkono unazifunika na kuzimwagilia siku kadhaa kama unalea miche. Kuni hutumii, hata kijiti. Asiyeona uzito wa hilo aje atazame tanuri zetu za tofali za kuchoma: magogo yanashushwa, moto unakesha, na mwezi unaofuata wanatafuta mti mbali zaidi.

Ugumu wote uko kwenye kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali. Hiyo unailaza kwa mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, pima maji mkononi na kamba imevutwa, bila haraka, kwa sababu kuanzia ya pili tofali inakaa juu ya tofali na hakuna mota ya kuficha kosa. Mwenzetu mmoja, fundi mzoefu kuliko sote darasani, alifika kozi ya tisa akaona ukuta unakimbia, umetoka kwenye mstari. Akabomoa hadi chini. "Mota ina huruma bwana," akasema, akaanza upya.

Nikarudi nyumbani. Miezi minne sikupata hata chumba kimoja. Wenye nyumba wakisikia udongo wanafikiria nyumba ya tembe ya bibi yao. Hao siwalaumu, wakiona ukuta umesimama watakuja. Kilichoniuma ni kazi ya serikali. Shule ya jirani ilipata fedha za darasa kwa force akaunti, yaani shule inatafuta mafundi yenyewe bila mkandarasi, nikaenda na tofali ya mfano kwapani. Msimamizi akaigeuza, akaigonga kwa kidole, akaisifu. Kisha akasema makadirio, ile karatasi ya vifaa na gharama, yameandika tofali za saruji za inchi sita, na yeye hawezi kubadili hata mstari. Kazi nilipewa: kupanga tofali za saruji zilizosombwa kwa lori kutoka mjini, wakati udongo mzuri uko nyuma ya vyoo vya shule hiyohiyo. Niliifanya. Watoto wanakula.

Simlaumu, mkaguzi akija anasoma karatasi. Basi karatasi ndiyo ibadilike. Wahandisi wa halmashauri waruhusu tofali za kufungamana kwenye makadirio ya majengo madogo, nyumba za walimu, vyoo, stoo, hata kama darasa wanaliogopa kwanza. Vijana watajifunzia hapo, wakilipwa, kuliko kuwaita semina na kuwarudisha kijiweni.

Najua nitaambiwa tuchukue mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tununue mashine yetu. Tumeshakaa kikao cha hilo, mafundi watano. Tulikwama kwenye swali moja: marejesho yatatoka wapi kama hakuna anayeagiza tofali?

Mhandisi yeyote mwenye choo cha shule cha kujenga, hata matundu manne tu, atupe hicho. Udongo tumeshaupima.

Fundi mwashi,
Kihesa, Iringa