Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wito Uliopoa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wajumbe.

Hesabu mtasomewa na mhazini, na shughuli za kila mtaa zimo kwenye taarifa ya katibu. Sitazirudia. Naomba niseme jambo ambalo halimo kwenye makabrasha hayo: wito wetu umepoa. Vikao tumefanya, semina tumehudhuria, michango imekusanywa. Lakini wainjilisti walionijia faragha mwaka huu wamesema maneno yanayofanana: nahubiri, ila ndani sina kitu. Hawa si wavivu. Wamechoka wakiwa kazini, na hawakuwa na mtu wa kumwambia.

Sisi wa Bukoba tungepaswa kulielewa hili upesi, maana Uamsho, lile vuguvugu la kutubu na kuokoka lililotufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, ulianzia kwa watu wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa hoi. Njaa kali ilikuwa imepita Rwanda, naye alihudumia watu hadi akaishiwa nguvu za mwili na za roho. Huko, kwenye kilima cha Namirembe penye kanisa kuu, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo Mganda. Wakaketi wawili hao na Biblia zao, wakasoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba. Hapakuwa na jukwaa wala kamati. Baadaye Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyefundisha Gahini, naye aliona huduma yake haina nguvu, akajifungia juma zima akiomba. Alipofariki Januari 1936 alikuwa anajiandaa kuiuliza sinodi, yaani mkutano mkuu, ya Kanisa la Uganda: ubaridi huu umetoka wapi? Swali hilo naliweka mbele yenu leo.

Mwanzo wa jibu nimeuona mialoni, kule ufukweni wavuvi wanakoegesha mitumbwi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, asubuhi wamelala, kwa hiyo ibada ya saa nne haiwafikii. Timu yetu ikahamishia huduma siku za mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika. Hawakubeba spika. Walikwenda wawili wawili, wakaketi na wanaume wanaoshona nyavu na akina mama waliopata nafasi kwa kuwa hakuna dagaa wa kuanika. Wakasikiliza habari za madeni, za ndoa, za watoto walioacha shule, kisha wakaomba nao. Katika timu hiyo alikuwamo mzee wetu mmoja aliyekwisha kuniandikia barua ya kuacha utumishi. Juzi amekuja kuichukua. Alinieleza kwamba kule mwaloni mama mmoja muuza dagaa alimshika mikono akamwombea yeye, mwinjilisti, jambo ambalo hakukumbuka lini mara ya mwisho lilimtokea. Alilia aliponisimulia, nami nililia.

Kwa hiyo halmashauri inapendekeza tubakize semina moja tu mwaka ujao, na fedha zitakazookolewa ziwe nauli za timu za mialo. Pia kila mwinjilisti awe na mwenzake wa kuungamiana na kuombeana kila wiki, kama Yakobo alivyoagiza. Wapo wenzetu wanaoona semina ndizo zinazotujenga. Nawaheshimu, na mjadala uko wazi, lakini mimi msimamo wangu ni huo.

Karatasi ya timu za mbalamwezi ijayo iko mezani kwa katibu. Nawaomba mwandike majina kabla ya chakula.